Nyumba ya mama iko Kibosho, akaunti ya kamera iko Dar

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu lilichapa makala iliyozisifia nyumba za kisasa, zile ambazo taa, geti, kamera na hata friji vinazungumza na simu ya mwenye nyumba. Mwandishi ameeleza vizuri, ila ameeleza kama mtu aliyeviona vitu hivyo dukani, vikiwa ndani ya boksi. Mimi huviona vikiwa vimeshafungwa na watu wameshaanza kununiana. Ni fundi wa umeme na kamera hapa Moshi, kibanda changu kiko Majengo, na kazi nyingi nazipata mjini na huko juu: Kibosho, Uru, Old Moshi, mara mojamoja Marangu. Naomba nafasi niliseme jambo ambalo makala ililiruka. Kifaa kikishaungwa na grupu la WhatsApp, swali la nani anamtazama nani linabadilika kabisa, na siku ya kununua hakuna anayeliuliza.

Kinachouzika siku hizi ni kamera ya balbu. Kwa asiyeijua, ina umbo la globu na kitako kilekile cha kuzungushia kwenye holda ya taa. Huchimbi ukuta wala huvuti waya. Inashika waifai ya ruta, inageuka huku na huku, inaona gizani, ina maiki na spika, na bei yake haifiki laki moja. Matajiri wa mtaa wa Shanty Town hapa mjini hawazinunui sana. Wao wana mitambo ya waya na walinzi wa kampuni. Wanunuzi wakubwa ni watoto wa huku walioko Dar, Dodoma na Mwanza, waliomwacha mama kihambani na dada wa kazi, ng'ombe wawili na presha ya kupanda.

Siwalaumu. Mama asipopokea simu saa mbili usiku, mtu aliyeko Mbezi hana la kufanya zaidi ya kumsumbua jirani. Kamera inampa usingizi. Shida inaanza pale programu inapomuuliza anataka kumshirikisha nani. Mtoto mkubwa anawaingiza wadogo zake, wao wanawaingiza wake na waume zao, na kuna mjukuu wa kidato cha tatu ambaye hakuna anayekumbuka nani alimpa. Klipu zinahamia grupu la familia. Haipiti wiki, sebule ya mama imeshakuwa kituo cha televisheni na yeye ndiye mtangazaji asiyelipwa.

Nitoe mfano, na nimebadilisha mambo madogo ili wahusika wasijulikane. Mama mmoja wa Kibosho ana kawaida ya kuzima taa ya sebuleni anapokwenda kulala, kama mzee yeyote anayejua luku inavyokimbia. Sasa kamera ya balbu inakula umeme wa holda hiyohiyo. Ukizima swichi, nayo inakufa. Basi kila usiku picha inakatika Dar, na kila usiku simu inapigwa: mama, nani amezima kamera? Mama anajibu kwamba hajazima kamera, amezima taa. Mwishowe mtoto akanipigia mimi. Alitaka nipande niiruke swichi, niunge waya moja kwa moja, holda isizimike tena, na nisimweleze mama mengi kwa sababu "atasumbua tu".

Nilipanda. Nilimkuta mama jikoni, lile jiko la nje la kuni, macho yanamtoka machozi kwa moshi, wakati ana sebule yenye makochi na vitambaa vya kufuma. Nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Umekuja kwa ajili ya ile inayonigombeza?"

Nikadhani ananitania. Kumbe kila mwenye akaunti anaweza kubonyeza kitufe na kuongea, sauti ikatokea kwenye balbu. Siku moja mkwe wake aliuliza kutokea darini, "Mama, mbona hujanywa dawa?", wakati mama amekaa na wenzake wa jumuiya wanasali rozari. Mmoja alimwaga chai. Siku nyingine ni dada wa kazi aliyegombezwa, kosa lake kukaa kwenye kochi. Tangu hapo wanawake wale wawili walihamia jikoni, sebule wakaiachia kamera.

Waya sikuiunga. Nilimpigia mtoto palepale mbele ya mama, nikaweka sauti ya nje, nikamwambia azungumze naye mwenyewe. Walizungumza Kichaga chao, nikashika nusu tu (mimi ni wa Rombo, na lugha zetu hazifanani hivyo kama watu wa Dar wanavyodhani). Mwishoni mama akahamia Kiswahili ili nami nisikie: "Kama ni lazima iwepo, igeuze imtazame ng'ombe." Alikuwa na mtamba mwenye mimba kubwa.

Tukaihamishia bandani. Haikuwa kazi ndogo, maana kati ya ruta na banda kuna ukuta wa mawe na mistari ya migomba, na mgomba umejaa maji. Mawimbi ya waifai yakikutana na maji yanachoka. Ilibidi kuweka kifaa cha kupokea mawimbi katikati na kuyasukuma mbele. Mtamba alizaa usiku. Wa Dar wakaona kabla ya mama, wakampigia, akatoka na tochi, daktari wa mifugo akaitwa kwa sababu mguu mmoja wa ndama ulikuwa umekunjika ndani. Klipu ya ndama akisimama ilizunguka grupu la familia mpaka kwa walioko Marekani, na hakuna aliyenuna. Ng'ombe hakuulizwa, ni kweli, lakini hakulalamika.

Nyumba nyingine, huko Uru, haikwenda vizuri hivyo. Bibi alikuwa akizungumza na jirani yake barazani juu ya mke wa mwanawe, mambo ya kawaida ya mama mkwe. Maiki ikanasa. Mmoja wa walioshirikishwa akadhani ni kichekesho, akairusha kwenye grupu ambalo mke huyo naye yumo. Desemba ile, wakati Wachaga wote wanapandisha nyumbani na barabara ya Himo haipitiki, familia moja ilibaki Dar. Bibi hakujua kosa lake hadi alipoelezwa na jirani.

Mambo haya hayakuanzia kwetu, wala hayakuanza kwa ubaya. Mwaka 1991 wataalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, waliielekeza kamera kwenye birika la kahawa, ili aliyeko chumba kingine aone kwenye kompyuta yake kama kahawa ipo kabla hajatembea bure. Mwaka 1993 picha ile ikaungwa na mtandao wa dunia nzima, watu wa mabara mengine wakawa wanachungulia birika la watu wasiowajua, hadi ilipozimwa mwaka 2001. Sisi tunaolima kahawa na kunywa chai tuna ruhusa ya kucheka. Lakini angalieni walichochagua kukitazama, na kwamba kila mtu pale ofisini alijua kamera iko wapi na inaona nini.

Balaa kubwa kuliko yote niliyoyaona halikuwa la familia, lilikuwa la mtaa. Kuna mtaa hapa mjini, siutaji, wakazi wake wana grupu la ulinzi. Ni jambo zuri. Limewahi kurudisha pikipiki ya mtu na mtungi wa gesi. Jumapili moja asubuhi mkazi akarusha klipu. Kijana amevaa jaketi jeupe lenye kofia, anapita kando ya ukuta, anasimama getini, anachungulia kidogo, anaondoka. Saa iliyoandikwa kwenye picha ni 03:40. Chini yake maneno: "Mwizi wetu huyu hapa, anayemjua amtaje." Kufika saa nne asubuhi klipu ilikuwa imeshatoka mtaani, iko kwenye magrupu ya bodaboda, ya kwaya na ya wazazi wa shule, na kuna waliokwisha kuandika watakachomfanya wakimkamata. Sitayarudia gazetini. Katika nchi hii tunajua mtu akipigiwa yowe la mwizi anaishia wapi.

Mwenyekiti wa mtaa, mtu makini, akaniita niikague kamera yenyewe kabla hajaitisha mkutano. Nikafungua mipangilio. Saa ya kamera ilikuwa ya Beijing. Tangu itolewe kwenye boksi hakuna aliyeigusa. China wako mbele yetu kwa saa tano, kwa hiyo 03:40 ya Jumapili kwa saa ya kamera ni saa nne na dakika 40 usiku wa Jumamosi kwa saa yetu. Huo ni wakati vijana wanatoka kibanda umiza baada ya mechi ya jioni ya Uingereza, mama wa chipsi bado ana moto, na mtaa mzima uko macho.

Na lile jaketi? Usiku kamera hizi zinamulika kwa mwanga wa infraredi, ambao jicho la mtu haliuoni, na picha inakuwa haina rangi. Vitambaa vingi vyeusi vya nailoni na poliesta vinaurudisha mwanga huo kwenye kamera, kwa hiyo vinaonekana vyeupe. Mwenyekiti hakuniamini. Giza lilipoingia nilivaa jaketi langu jeusi, nikasimama palepale getini, yeye akiangalia kwenye simu. Jeupe pe! Akaita mjumbe mwingine naye aone.

Kijana alipatikana kabla ya wenye hasira kumpata. Alisimama pale kumsubiri mwenzake aliyejibanza kukojoa, hilo tu. Mwenye klipu akaifuta, grupu likaandikwa "tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza", lakini klipu ilishafika Himo na Boma Ng'ombe na radhi haikuifuata huko. Mama wa kijana alimpeleka Arusha kwa mjomba akakae kwanza.

Nimelifikiria sana tukio lile. Zamani mtu akipiga yowe kimakosa, wanaolisikia ni wa mtaa ule, na miongoni mwao hakosekani atakayesema, jamani, huyu ni mtoto wa mama fulani, namjua. Grupu linampelekea picha yule asiyemjua mtoto wala mama. Wa Boma Ng'ombe hana cha kusema juu ya kijana wa Moshi. Anachoweza kuchangia ni hasira yake. Ndiyo maana nasema kamera na grupu ni vitu viwili, na hatari iko pale vinapoungwa bila mtu katikati wa kuangalia saa, kuuliza, kupiga simu moja. Wapo watakaonijibu kwamba wezi wapo na klipu inapaswa kurushwa haraka. Wezi wapo kweli, na kamera nyingi nimezifunga kwa sababu yao. Klipu ipelekwe haraka kwa mwenyekiti na polisi, nani kakataza?

Sisi mafundi nasi tuna letu. Fundi mwenye haraka anafungua akaunti kwa namba yake mwenyewe, kamera inawaka, halafu anamshirikisha mteja kama mgeni. Mteja anaona picha, anafurahi, analipa. Hajui kwamba kwa programu ile mwenye kamera ni fundi, na fundi akitaka kuona nani ameingia chumbani anaona. Wengi hawafanyi hivyo kwa nia mbaya: mteja hana barua pepe, bando limekata, jua linazama na kuna kazi nyingine Pasua. Lakini nimeitwa kwenye nyumba zaidi ya moja ambako aliyefunga ameshahama mji na kila kitu bado kinasoma kwake.

Halafu kuna nenosiri la kiwandani, lile ambalo hakuna anayelibadilisha. Oktoba 2016 huduma kubwa kama Twitter na Netflix zilikwama Marekani kwa saa kadhaa. Programu haribifu iliyoitwa Mirai ilikuwa imeteka kamera na rekoda za watu wengi mno, ikazielekeza zote kwa mpigo zikaifurikishe kwa maombi Dyn, kampuni iliyokuwa ikizionyesha kompyuta za watu zilipo tovuti hizo kila jina lake linapoandikwa. Mirai haikuhitaji ujanja mwingi. Ilikuwa na orodha ya majina na manenosiri ya kiwandani, yanazidi sitini kidogo tu, ikawa inajaribu moja baada ya jingine. Mimi nikiitwa kurekebisha kamera iliyofungwa na mwingine naanza na "admin", na mara nyingi sihitaji kumuuliza mwenye nyumba chochote.

Wala msidhani kwamba kampuni kubwa ni kinga. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliishitaki Ring, kampuni ya kamera za milangoni iliyo chini ya Amazon, ikisema mfanyakazi wake mmoja alitazama maelfu ya video za wateja wanawake, zikiwamo za vyumba vya kulala. Ring ilikubali kulipa dola milioni 5.8 shauri likaisha. Kama wenye wanasheria wanafanyiwa hivyo, dada wa kazi wa Uru atamshitaki nani?

Niguse kidogo saa za mkononi, kwa sababu kila mwaka kabla ya mbio za Kili barabara zetu zinajaa wakimbiaji wenye saa za kuhesabu kilomita. Saa inachora njia uliyopita na programu kama Strava inawaonyesha wenzako. Novemba 2017 Strava ilichapisha ramani ya dunia yenye njia za wakimbiaji wake kwa pamoja, na Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia akaonyesha kuwa kambi za kijeshi zimejichora zenyewe, kwa sababu askari walikimbia wakiwa wamevaa saa. Dada anayetoka geti la kwao Rau kila alfajiri, kwa njia ileile, naye anajichora. Mipangilio ina sehemu ya kuficha mwanzo na mwisho wa njia. Aiwashe.

Sheria ipo. Katiba yetu, ibara ya 16, inalinda maisha binafsi ya mtu na maskani yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ikazinduliwa na Rais Samia Aprili 2024. Elimu yake nimeisikia ikitolewa kwa mabenki, kampuni na taasisi. Kwenye mkutano wa mtaa, pale tunapogombana kuhusu taka na maji ya mitaro, sijaisikia hata mara moja, na huko ndiko klipu zinakorushwa.

Nawaomba wenyeviti wa mitaa waliweke jambo hili kwenye ajenda kabla halijawalazimisha. Grupu la ulinzi liandike kanuni: klipu inaanzia kwa mwenyekiti, saa ya kamera inakaguliwa, sura ya mtu hairushwi kwa neno "mwizi" mpaka polisi waseme. Nawaomba wanaoingiza kamera hizi kutoka China waweke ndani ya boksi karatasi moja ya Kiswahili, inayoonyesha jinsi ya kubadili saa, kubadili nenosiri na kumwondoa mtu uliyemshirikisha. Iliyomo sasa ni ya Kichina na Kiingereza cha kubahatisha. Na nyinyi watoto mlioko mbali, akaunti iandikwe kwa anayelala katika nyumba hiyo. Kama ana simu ya vitufe, iandikwe kwa mtu anayemchagua yeye, na anayetaka kuchungulia amwombe. Dada wa kazi naye aambiwe kamera ziko wapi kabla hajakubali kazi, na chumba anacholala kisiwekwe hata moja.

Mimi sipandi ngazi siku hizi kabla sijazungumza na anayeishi ndani. Kuna mteja wa Dar amenikatia simu kwa sababu hiyo. Alisema anayelipa ni yeye, mama hana la kuchangia. Nasikia ameshapata fundi mwingine na kamera imefungwa, tena imeungwa moja kwa moja. Kama fundi huyo anasoma barua hii, namwomba apande tena kwa mama yule amwekee swichi, na amwonyeshe ilipo. Gharama ya swichi nitailipa mimi.

Fundi wa umeme na kamera,
Majengo, Moshi